Sikukuu ya Haralambos wa Melbourne

Uliona. Usinitolee macho ya mbuzi aliyekutwa kwenye mahindi. Ulipita pale kwa fundi viatu siku aliyokuwa anashusha rafu zake, ukageuza uso kama mtu anayetafuta basi. Wiki iliyofuata mlango ulikuwa na kisanduku cha funguo chenye tarakimu, na mabegi ya watalii yakikwaruza lami alfajiri. Ukasema, "Ndiyo maendeleo." Kisha likafungwa duka la uzi. Ukageuka tena. Shingo yako imepata mazoezi kuliko mwanasarakasi.

Basi leo kaa hapo hapo, nikusimulie duka moja ambalo halikufungwa. Na aibu ni yako, kwa sababu aliyeliokoa hukuwa wewe, wala diwani, wala chama cha mtaa chenye muhuri na kiti cha mwenyekiti. Aliyeliokoa ni tapeli. Tena hakukusudia.

Duka ni la Bi Evanthia Tsakiroglou, hapa Kokkinia, jirani na bandari ya Pireo, linatazamana na kinyozi. Anauza yiro, ule mnara wa nyama unaozunguka mbele ya moto mpaka unatokwa na jasho, na mishikaki. Lakini watu wanaovuka mitaa miwili mvua ikinyesha hufuata kebabu yake, ndefu, iliyobonyezwa kwa vidole kwenye chuma bapa, inayonukia bizari nyembamba. Bizari hiyo bibi yake alishuka nayo Pireo mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na mbili, imefungwa kwenye pindo la sketi, na nyuma yake, ng'ambo ya bahari, mji wao unaungua. Wenyeji waliwapokea wakimbizi wale kwa majina nisiyoyaandika hapa, ingawa nayakumbuka yote, herufi kwa herufi. Wajukuu wa waliotukana ndio leo wanaopanga foleni na kuomba kitunguu cha ziada.

Adhuhuri moja ya mwisho wa Januari, kwenye meza ya pembeni, alikuwa ameketi Sotos Kaltsas. Bandarini walimwita Sotos Mafuta, kwa kuwa hakuna mkono uliowahi kumshika akashikika. Wanasema aliwahi kumuuzia padri nusu ya kengele ya kanisa la padri yuleyule, na padri akashukuru kwa punguzo. Siku hiyo Sotos alikuwa na njaa ya kweli na mfuko wa uongo, anakula kebabu polepole huku akitafakari atatokaje bila kulipa. Hapo ndipo alipoingia Menelaos Skordas, mwenye jengo.

Menelaos hakusalimu. Alichomoa mshikaki kwenye sinia la mteja mwingine, akaung'ata, ndipo akafungua kinywa kilichojaa.

"Bi Evanthia, mwezi ujao ukiisha, tunaagana."

"Unasafiri?" akauliza Bi Evanthia, anakatakata nyanya.

"Mkataba wako unakwisha, bibi, na siurefushi. Nataka vyumba vya wageni. Viwili juu, na hapa chini kimoja chenye bafu la vioo."

"Bafu la vioo kwenye dirisha la barabarani? Utapata wateja, ila hawatakuwa wa kulala."

Watu wakacheka. Menelaos hakucheka, alikuwa anatafuna.

"Mimi nina miaka sitini na nane, Menelaos," akasema Bi Evanthia, na safari hii kisu kilitulia juu ya ubao. "Mama yangu alifia nyuma ya pazia lile akikoroga mtindi wa tango. Niende wapi?"

"Pumzika. Nenda kisiwani."

"Kisiwa gani? Kile unachonipa wewe?"

Kaka yake, Iordanis, aliyekuwa anakwangua yiro, akasema bila kugeuka, "Mwache, dada. Mtu anayemfukuza mpishi kabla hajameza, hata tumbo lake halimwamini."

Menelaos akafuta mafuta kwa kitambaa cha meza na kutoka. Humo dukani kila mtu alikodolea macho sahani yake. Naam, hata pale walikuwepo watu wa shingo kama yako. Mmoja tu ndiye aliyeinua kichwa, na macho yakamng'aa kama ya paka aliyesikia mlango wa jokofu. Sotos alikuwa amegundua kitu ambacho wataalamu hukisomea miaka mingi: mwenye tamaa akishaanza kutafuna, hachungulii kilichomo ndani ya mkate. Akainuka haraka, akasema kwa sauti, "Namkimbilia bwana huyu, kasahau mwavuli!" na kwa ujanja huo akatoka bila kulipa. Hapakuwa na mwavuli.

"Samahani, mheshimiwa!" akamwita Menelaos barabarani. "Ni wewe unayetaka kutupa hazina yako jalalani?"

Menelaos akasimama. Neno hazina lina breki kali.

"Wewe nani?"

Swali hilo Sotos alikuwa hajalitayarishia jibu. Akatupa jicho juu ya bega la Menelaos, likatua kwenye kibao cha kinyozi ng'ambo ya barabara, chenye maandishi ya bluu yaliyochakaa: KINYOZI HARALAMBOS.

"Haralambos," akasema, akanyosha mkono. "Haralambos Vasilatos. Kule Melbourne wananiita Hari."

Na papo hapo Kigiriki chake kikabadilika. Kikawa kile cha ndugu zetu wa Australia, cha mababu waliopanda meli na maneno ya enzi za punda wakayafungia sandukuni yasipigwe jua. Hata kofia yake ikaanza kuonekana ya ng'ambo.

"Mheshimiwa, mimi nimetumwa na watu," akaendelea, akimshika kiwiko na kumtembeza. "Matajiri wa kwetu kule, wazee. Wana majumba, wana mabwawa ya kuogelea, lakini usiku wanalia. Unajua wanalilia nini?"

"Nini?"

"Moshi."

"Moshi?"

"Moshi wa mkaa wenye bizari. Wanataka kununua majengo ya zamani ya Kokkinia, majengo yenye duka la kebabu lililo hai, na bibi aliye hai ndani yake. Jengo tupu kwao ni matofali. Jengo lenye bibi," na hapa Sotos akashusha sauti kama anayetaja jina la marehemu, "wanalinunua mara tatu ya bei."

Menelaos akageuka kulitazama jengo lake. Maskini, kwa mara ya kwanza aliona lina bibi ndani.

"Na mimi nimeshamwambia aondoke!"

"Nilisikia. Nusura nizimie." Sotos akapangusa paji la uso. "Lakini kuna sharti. Wazee wale wamewahi kupigwa. Walinunua jengo kule Peristeri, bibi akahamia kwa binti yake, moshi ukapotea, wakabaki na ukuta. Sasa wanataka mkataba. Miaka kumi na miwili, kodi ileile, umeshasajiliwa serikalini kabla hawajaleta hundi. Wanataka bibi aliyefungwa kisheria, asikimbie."

"Kumi na miwili! Kodi ileile!"

"Bwana Menelaos, hilo si tatizo lako tena. Utakuwa umeshauza. Kodi ndogo watakula wao."

Menelaos akacheka kicheko cha mtu aliyemwona mjinga mwingine kwa mbali. Hicho ndicho kicheko ambacho matapeli wote wa Pireo hukingoja, kama wavuvi wanavyongoja kamba kukazika. Yaliyobaki yalikuwa adabu tu: kulikuwa na mwenye jengo mwingine mtaa wa tatu, naye ana bibi mzee zaidi, ili kumshikia Menelaos nafasi ya kwanza palihitajika ada kidogo, taslimu, isiyopita benki, kwani benki, Bwana Menelaos, unazijua. Menelaos alizijua. Sisi sote tunazijua. Miaka ile ya mgogoro mashine zao zilipokuwa zinatutapikia noti chache kwa siku kama mama wa kambo, yeye alikuwa anazinunua nyumba za waliokwama. Sijasahau.

Wakakubaliana: tarehe kumi ya Februari, adhuhuri, dukani. Mkataba utiwe saini, mhasibu ausajili palepale kwa kompyuta yake, kisha bahasha ya ada ihamie mfuko mwingine.

Bi Evanthia alipoletewa habari hakuamini. Akamtazama huyo Hari wa Melbourne kwa muda mrefu, kofia mpaka viatu.

"Ulikimbilia mwavuli siku ile," akamwambia.

"Nikakuletea jengo, mama."

"Kebabu yangu hujalipa."

"Iandike kwenye moyo."

"Moyo wangu umejaa wadaiwa, mwanangu." Lakini akamwekea sahani nyingine. Mtu anayezama hamuulizi mwenye kamba ameinunua wapi.

Tarehe kumi ikafika. Baridi kavu, jua la uongo. Menelaos alivaa tai. Mhasibu wake alifungua kompyuta katikati ya chupa za haradali. Iordanis alikuwa amenyoa ndevu, jambo lililowatisha wateja kadhaa. Sotos alikuwa ameegemea kaunta, na ndani ya koti la Menelaos alikuwa ameshaiona bahasha, imevimba kama mimba ya mwezi wa mwisho.

Bi Evanthia akatia saini yake. Menelaos akachukua kalamu, akaiinua, na mlango ukasukumwa kwa kiwiko.

Alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, amebeba sanduku la keki za mlozi, kanzu yake nyeupe ya kazi ina nywele za watu mabegani.

"Chukueni, chukueni!" akasema. "Kila mtu moja. Menelaos mbili, maana najua ya kwanza hataihesabu. Leo siku yangu, jamani. Mtakatifu Haralambos!"

"Miaka mingi, Babis!" wakaitikia watu, kwa kuwa hapa kwetu Haralambos hufupishwa Babis. "Uishi mingi! Nywele zirudi!"

Nikukumbushe kitu unachokijua vizuri. Sisi siku ya kuzaliwa tunawaachia watoto na wauza keki. Mtu mzima husherehekea siku ya mtakatifu wa jina lake, na siku hiyo yeye ndiye anayetoa, hapewi. Hata bahili wa kuzikwa na pochi yake, siku hiyo ataagizia watu kahawa. Anayeificha siku yake anasengenywa mpaka mwaka ugeuke. Na asiyeijua? Hayupo. Mgiriki anaweza kusahau mkewe alipo. Siku ya jina lake haisahau, kwa sababu mama yake alimpigia simu asubuhi.

Bi Evanthia, furaha ya mkataba imemjaa kifuani, akageukia kaunta, akanyosha mikono yote miwili.

"Na wewe, mwanangu! Miaka mingi!"

Sotos akageuka nyuma kuangalia anayeambiwa ni nani.

Nyuma yake kulikuwa na friji la soda.

Ilikuwa kufumba na kufumbua tu. Bi Evanthia alikiona kile kichwa kikigeuka, na akaelewa yote kwa pamoja: kofia, mwavuli, wazee wanaolilia moshi. Hakuna Melbourne. Hakuna mnunuzi. Mtu asiyejua siku ya jina lake hajawahi kuwa nalo.

Bahati mbaya Menelaos naye alikuwa ameona. Kalamu ikasimama hewani, nukta yake shubiri moja juu ya karatasi.

"Hari," akasema polepole. "Leo ni siku yako. Hukujua?"

Sotos akaishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi.

Hebu jiweke wewe pale alipokuwa yule mama. Akisema kweli, kalamu inarudi mezani, na mwisho wa mwezi anabeba sufuria za marehemu mama yake barabarani. Akinyamaza, kalamu inarudi vilevile. Alikuwa na pumzi moja tu. Akaitumia kupiga kaunta kofi lililorusha chupa za chumvi.

"Anajua sana!" akapaza sauti. "Mnaona? Mnaona hawa matajiri wa ng'ambo? Amejikausha kama dagaa ili asitukirimu! Babis hana mali, kaleta keki. Huyu ana bwawa la kuogelea, anaangalia friji!"

Duka likalipuka kwa kicheko.

"Aibu, Hari!" akafoka kinyozi. "Jina langu hilo unalichafua!"

"Shangazi yangu yuko Melbourne," akasema mzee wa meza ya dirishani. "Kule siku ya jina wanakodisha ukumbi. Huyu hata soda!"

Menelaos bado hajashusha kalamu. Macho yake yalikuwa yamekaa kwenye uso wa Sotos. "Kweli, Hari? Ulikuwa unajificha?"

Sasa tazama jinsi mtego mzuri unavyofungwa. Sotos alikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa wa kusema hapana, na nyuma yake Menelaos na pengine polisi. Mwingine alikuwa ameufungua Bi Evanthia, akausimamia kwa tabasamu, kitambaa begani. Akamtazama. Akajua kwamba mama huyu anajua yote.

"Nani... nani kasema sikirimu?" akasema Sotos. "Nilitaka iwe ghafla. Nilitaka tusaini kwanza. Kuleni, jamani. Hari yupo."

"Wote?" akauliza Bi Evanthia.

"Wote."

"Waliopo, au na watakaokuja?"

Sotos akaangalia ile bahasha iliyovimba, akaangalia kalamu hewani.

"Na watakaokuja," akasema, kama mtu anayetaja jina la daktari atakayempasua.

"Huyo ndiye Haralambos!" akapiga kelele Menelaos, wasiwasi wote umemwisha, mtu mwenye fedha za kumwaga hawezi kuwa mwongo, ndivyo wenye fedha wanavyoamini. Akasaini. Mhasibu akabonyeza, akangoja, akasema, "Tayari, serikali imepokea." Bahasha ikapita chini ya meza kwenda kwa Sotos. Na Sotos akapiga hatua ya kwanza kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" Bi Evanthia alikuwa ameshamshika mkono. "Mwenye sikukuu hawaachi wageni wake. Kaa hapa, kichwani pa meza. Iordanis! Weka mnara wa pili motoni! Babis, waite!"

Babis akaita. Mimi nilisikia kutoka kona ya pili. Wakaja wastaafu kutoka kwenye mkahawa wao, karata bado mkononi. Wakaja mafundi wa meli wa Perama na mafuta yao ya mashine. Wakaja walimu, wakaja wanafunzi, akaja padri (si yule wa kengele, ingawa Sotos alijificha kidogo nyuma ya kofia). Madereva wa basi wakaegesha pasiporuhusiwa. Watu ambao hawakuwahi kusalimiana tangu uchaguzi uliowagawanya walipeana chumvi. Mishikaki ikapita vichwani, kebabu juu ya mikate, vitunguu, vibuyu vya divai, na kila aliyeingia alimwendea Sotos, akambusu mashavu yote mawili kwa mdomo wa mafuta: "Miaka mingi, Haralambos! Tukuone bwana harusi!" Bi Evanthia hakuandika chochote. Hapakuwa na haja. Alijua bahasha ina kimo gani.

Menelaos alikula kuliko wote. Alikula kwa bidii, jasho likimtoka, mtu aliyefurahi kwamba ameingia sherehe bila kutoa hata senti. Nani angemwambia kwamba alikuwa anakula fedha zake mwenyewe?

Jioni watu walipopungua, Sotos alibaki mezani, kofia imeloa divai. Bi Evanthia akakaa mbele yake, akanyosha kiganja. Bahasha ikahamia kiganjani, yote.

"Mama," akasema Sotos kwa sauti ya chini, na Kigiriki cha Melbourne kimemtoka, kimebaki cha bandarini, "ulijua lini?"

"Ulipolitazama friji."

"Ungeweza kunitoboa."

"Ningekutoboa, ningevuja mimi."

"Na sasa mimi naondokaje? Sina hata ya basi."

Akamfungia kebabu kwenye mkate moto, kitunguu kingi, akamwekea mkononi. "Tembea. Pireo si mbali. Na jina lako la kweli ni nani?"

"Sotos."

"Yaani Sotiris! Siku yako sita Agosti." Akampigapiga shavu. "Ukitaka kunisalimia siku hiyo, njoo na bahasha yako."

Menelaos alingoja simu ya Melbourne mpaka Pasaka. Baadaye akaja kupiga kelele dukani, akaenda kwa wakili, akarudi kimya. Wakili alimwuliza swali moja dogo: mheshimiwa, tuieleze vipi mahakama hiyo bahasha isiyopita benki? Mkataba upo serikalini, miaka kumi na miwili. Siku hizi anakula kwa kulipa.

Umecheka? Vizuri. Sasa nyamaza unisikilize. Mtaa wako hauna Sotos. Hao wa bandarini wana njaa zao, hawana ratiba ya kupita kila duka linalofukuzwa, na kinyozi hazaliwi na jina linalofaa kila mara. Ukimngoja tapeli aje kukufanyia kazi yako, utakuja kuomba kitunguu kwenye kisanduku cha funguo.

Kwa hiyo shuka ngazi. Sasa hivi, na slipa hizo hizo. Nenda kwa yule anayekuuzia mkate, au anayekutengenezea viatu, umwulize kwa jina lake: mkataba wako unakwisha lini? Akikujibu, usimpe pole. Gonga mlango wa jirani, mchukue, mwende kwa mwenye jengo mkiwa wengi, mumwambie mbele ya uso wake kwamba huyu haondoki. Nenda. Mbona bado umekaa?